Posa Niliyoisoma Ukumbini kwa Bi Mwamvita

Ndugu zangu, leo nimekataliwa posa. Mchana kweupe, mbele ya darasa langu lote, na mkaguzi akiwa ameketi.

Kabla hamjaanza kuulizana huko mliko ni binti gani huyo, niwaambie mapema: posa yenyewe sikuipeleka. Mnakunja nyuso, nawaona. Nitaanza mwanzo, maana nikianzia mwisho mtacheka mkose kumaliza.

Mnajua tangu tuachane chuo cha ualimu mimi nilipangiwa huku Temeke, kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Darasa langu ni ukumbi wa nyumba ninamopanga chumba. Mwenye nyumba ni Bi Mwamvita, mjane wa Kizaramo, mama wa watu, ambaye mwanawe wa kwanza ananizidi umri na ambaye kila asubuhi namwamkia shikamoo. (Hilo la shikamoo likumbukeni.) Ukumbi alitupa bure, kwa sharti kwamba tusimwage wino sakafuni. Wanafunzi wangu ni wanaume watupu: makuli wa bandarini, wapishi wa Wazungu, maseremala wa Keko. Huja alasiri wakitoka kazini, wengine wana vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

Shida ilikuwa kitabu. Kitabu tulicholetewa kutoka mjini kinahusu bwana mmoja anayechimba choo. Mwanzo anatafuta jembe. Katikati anapima shimo. Mwisho analifunika. Choo ni jambo jema, sibishani na mtu. Lakini mwanamume aliyebeba magunia tangu alfajiri, ukimwambia asome "Shimo ni refu. Shimo ni refu sana," atasinzia. Wakasinzia. Kisha wakaanza kutokuja. Mikeka ikabaki mitupu, nami nikawa nawasomea nzi.

Ndipo habari ikaja kwamba mkaguzi atafika Ijumaa, yaani leo. Akikuta darasa limekufa atalifunga, na mimi nitahamishwa. Ndugu zangu, nilikosa raha. Si kwa ajili yangu tu. Wapo watu kwenye lile darasa ambao nimewashika mkono wakaandika majina yao kwa mara ya kwanza, na siku ile waliondoka wanatembea kama mabwana harusi. Niliona uchungu kufikiri kwamba mlango huo utafungwa kwa sababu ya choo.

Nikamfuata Shomari kule Keko. Shomari ni seremala, kijana mfupi mwenye mikono mikubwa, na ndiye mwanafunzi pekee ambaye hakukosa hata siku moja. Nilimkuta anapiga randa mguu wa kitanda. Nikamuuliza wenzake wameingiwa na nini.

Hakuacha kazi yake. "Mwalimu, sie kile choo tumeshakichimba," alisema. "Tupe kitu chetu."

Nikarudi nyumbani nalitafuna lile neno. Tulipokuwa chuoni, nani alituuliza tunataka kusoma nini? Tulipewa, tukameza, tukatapika siku ya mtihani. Nikaamua: wachague wenyewe. Nikapeleka habari kwamba kesho yake darasa lote linakaa kikao, na ajenda ni moja, tusome nini. Walikuja wote! Hata waliokuwa wanaumwa walipona.

Kikao kilikuwa kama mnada wa samaki. Kuli mmoja alitaka matangazo ya sinema, yale yanayobandikwa kutani, kwani amechoka kuingia bila kujua anakwenda kuona nini. Mpishi mmoja alitaka maandishi ya kwenye makopo jikoni kwa bwana wake, maana aliwahi kutia kitu kwenye mchuzi ambacho hadi leo hakijulikani ni nini. (Mzungu alikula. Akaomba tena.) Wengine walitaka habari za mpira. Sauti zilipanda mpaka Bi Mwamvita akagonga mlango kwa ndani.

Ndipo Shomari akasimama. Akasema yeye anataka barua ya posa. Yupo binti kule Kiwalani anayemtaka, naye binti hakatai. Mara mbili amemlipa mwandishi wa barabarani amwandikie barua, mara mbili imerudi imekataliwa, na hadi leo hajui mle ndani kiliandikwa nini. "Pengine jamaa aliniombea punda," alisema. Watu walicheka, kisha kila mmoja akakumbuka yake. Nusu yao hawajaoa, na nusu ya pili wana watoto wa kuozesha. Mikono ilipoinuliwa, posa ikashinda, kwa ahadi kwamba makopo na sinema zamu yao itafika.

Ninyi mliosoma nami, aminini ninachowaambia. Watu walewale walioshindwa na "shimo" walisoma "taadhima" bila kukwama. Barua tuliitunga pamoja, mmoja anatoa sentensi, mwingine anairekebisha, mimi naandika ubaoni. Waligombana juu ya salamu. Waligombana kama "kwa unyenyekevu" inatosha au iongezwe "mwingi". Mtu akitoka bandarini amevunjika mgongo anakaa chini na kuuliza, tumefika wapi? Nilifurahi mno. Nikajiona mwalimu bora kuliko wote waliowahi kushika chaki. (Mungu alikuwa ananisikia.)

Sasa leo. Mpango ulikuwa rahisi: mkaguzi akija, mimi nisome barua mara moja kuonyesha namna, kisha Shomari aisome mwenyewe yote, peke yake, kwa jina lake. Akiweza, darasa limepona.

Lakini Shomari akasema barua ya posa haisomwi ubaoni kama hesabu. Ina utaratibu wake. Ikaandikwa kwenye karatasi safi, ikakunjwa, ikafungwa kwa kitambaa cheupe, ikawekwa kwenye sinia. Mkeka ukatandikwa mpya. Mmoja akaleta chetezo cha udi. Wakasema msomaji hawezi kusoma posa amevaa kaptula, basi Shomari akaniazima kanzu yake. Nimeshasema Shomari ni mfupi. Kanzu iliniishia katikati ya miundi. Kofia nayo ilikaa juu ya kichwa, haikuingia. Wanafunzi wakasema nimependeza. Mtu mwenye akili asingewaamini.

"Mwalimu," Shomari akauliza, "jina la muoaji utataja nani?"

"Langu," nikamjibu, "ili asichekwe mtu."

"Na nyumba ya mwanamke?"

"Hii hii tuliyomo."

Shomari akaniangalia. Akafungua mdomo. Na hapo hapo kengele ya baiskeli ikalia mlangoni: mkaguzi.

Hapa niwakumbushe kwamba mimi ni Mpare. Kwetu milimani posa huenda na pombe ya miwa. Pasipo pombe hata mkisoma barua kumi mnapiga soga tu. Sikujua kwamba huku pwani barua ikishatoka kwenye sinia, ikasomwa mbele ya watu chini ya paa la mwanamke, jambo limeshakuwa jambo. Kuuliza si ujinga, na mimi huwafundisha watu maneno hayo kila siku.

Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, mtu wa pwani, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata. Alikaa kwenye kiti changu, kiti pekee, akatoa penseli. Aliangalia sinia, akaangalia kanzu yangu, akaandika. Nikafungua kitambaa. Nikatoa sauti yote niliyojaliwa.

"Kwa wazee wetu watukufu wa nyumba hii. Baada ya salamu nyingi na taadhima, sisi jamaa wa kijana wetu, Mwalimu Elikana, tunakuja mbele yenu kwa unyenyekevu mwingi..."

Nilipofika hapo mlango ukaingia giza. Mzee Kondo alikuwa amesimama kizingitini. Huyo ni kaka yake Bi Mwamvita, na kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri hupita na wazee wenzake wawili kunywa kahawa kwa dada yake. Leo alikuta mkeka mpya, udi unafuka, sinia, kitambaa cheupe, na mimi ndani ya kanzu natamka jina langu. Alivua viatu. Aliwapa ishara wenzake, na wazee wote watatu wakaja wakakaa kwenye upande wa mkeka uliokuwa mtupu, upande wa kike, macho chini, mikono mapajani.

Mimi nikasema moyoni, Mungu ni mwema, ameniletea waigizaji! Nikaongeza sauti. Shomari alinivuta pindo la kanzu. Nikadhani ananiambia ninyooshe mgongo, nikaunyoosha. Akavuta tena. Nikamkanyaga kidogo. Nikasoma mpaka mwisho, mpaka "tunaomba mtupokee tuwe wana wa nyumba hii", nikaikunja barua na kuirudisha kwenye sinia. Nikamtazama mkaguzi kwa jicho la pembeni. Alikuwa ameacha kuandika.

Mzee Kondo akakohoa. Akasema kwa upole kwamba barua wameisikia, na maneno yake ni mazuri, hawakuwahi kusikia yaliyopangwa namna ile. Nikawageukia wanafunzi: "Mnaona? Hivyo ndivyo upande wa kike unavyojibu." Mpishi alikuwa ameficha uso kwenye kofia yake. Kuli mmoja alikuwa analia, mabega yanatikisika.

Mzee akauliza kama wazazi wangu huko bara wanazo habari. Nikasema wanazo, tena wamefurahi. (Somo lilinoga!) Akauliza habari ya dini, kwa kuwa anavyojua mimi ni mtu wa kanisani. Nikasema hilo si zito, mzee wangu, watu wakipendana hakuna lisilozungumzika. Wale wazee wawili wakatazamana. Nikaona nimejibu kama waziri.

Kisha akauliza la tatu. "Na kodi ya chumba chako?" alisema. "Utaendelea kulipa, ama vipi?"

Ndugu zangu, swali hilo halikuwamo kwenye somo.

Nikaanza kuhesabu wanawake wa nyumba ile. Hawakunichukua muda. Wapangaji wote ni wanaume. Mwanamke asiye na mume chini ya paa lile ni mmoja tu. Nikataka kusema. Maneno kumi yalikuja mlangoni pamoja, hakuna lililopita. Nikamwangalia Shomari. Naye akanong'ona, "Ndiyo nilikuwa nakuvuta."

Mzee Kondo akaona nimeinamisha kichwa, akadhani ni haya ya muoaji. Akanigusa bega. Akasema dada yake ni mjane wa muda mrefu, wamekuja wengi akawarudisha, basi yeye hawezi kumsemea, atamwuliza mwenyewe. Akainuka, akaingia ndani. Nikasikia minong'ono. Kisha nikasikia kicheko cha mwanamke, kirefu, kikazimwa kwa nguvu kama kimefunikwa na mto.

Bi Mwamvita akatoka. Kanga amejitanda vizuri, uso mkavu. Akasimama katikati ya ukumbi wake. Na mimi, kwa mazoea tu, kwa kuwa ndivyo nifanyavyo kila nimwonapo, nikasema:

"Shikamoo, Bi Mwamvita."

Hapo ukumbi ulikufa kwa kicheko. Watu walianguka kwenye mikeka. Mmoja wa wale wazee aliinama mpaka kofia yake ikabingirika ikaingia chini ya kiti cha mkaguzi.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na uso bado mkavu. "Barua yako nimeisikia, na heshima nimeiona. Ila mie sikutaki. Wali wako kila siku nausikia harufu unavyoungua. Ukiwa mpangaji unaula mwenyewe. Ukiwa mume wangu nitaula na mie." Akaitazama miundi yangu. "Na kanzu nenda katafute yako."

Nikakataliwa hivyo. Kwa sababu zilizotajwa moja baada ya nyingine, na mashahidi wamekaa. Nilitamani lile shimo la kitabuni, refu sana, liwe karibu.

Ndipo akamgeukia kaka yake, na sasa akacheka wazi. Akamwambia, "Kaka, hawa wanasoma. Barua yenyewe ni ya yule seremala, anatafuta mke Kiwalani. Nawasikia kila siku nyuma ya mlango, hata mie naijua kwa moyo." Mzee Kondo akatazama barua, akanitazama mimi, akatazama viatu vyake kule mlangoni. Nadhani alikuwa anakumbuka lile swali la kodi. Naye pia aliumbuka, maskini, na nikampenda zaidi.

Mkaguzi alikuwa amevua miwani anajifuta macho. Alikiri baadaye kwamba alilijua tangu wazee walipovua viatu, ila kumkatiza mzee katikati ya posa ni utovu wa adabu. (Adabu gani hiyo ya kumwacha mtu aumbuke!) Akasema amemsikia mwalimu vya kutosha. Anataka kumsikia mwanafunzi.

Kicheko kikakatika. Shomari akasimama, akachukua barua kwenye sinia. Ile mikono mikubwa inayopasua mbao ikaikunjua karatasi kwa uangalifu mkubwa. Nikasahau aibu yangu. Nikasema moyoni, nichekwe mwaka mzima, ila huyu asikwame.

Akaanza taratibu. Kwenye "watukufu" akasimama, akarudi, akapita. Kwenye "taadhima" hata hakupunguza mwendo. Alipofika mahali pa jina akavuta pumzi, akasema "kijana wetu, Shomari", na sauti ikakaa sawa mpaka mwisho. Hakuruka neno. Alipomaliza hakujua aiweke wapi ile barua, akaishika tu kifuani. Sikutaka kulia mbele ya mkaguzi, kwa hiyo nikajifanya udi umeniingia machoni.

Mzee Kondo ndiye aliyesema wa kwanza. Akamwuliza Shomari nani mshenga wake, nani atakayempelekea barua hiyo. Shomari akasema hana mtu, wazee wake wote wako mbali, ndiyo maana zile za kwanza alizituma kwa mtu tu wa njiani. Mzee akatikisa kichwa, kama fundi aliyeoneshwa mahali paa linapovuja.

"Basi nitakupelekea mie," akasema. "Mkeka nimeshaukalia."

Hatukuwa tumetulia bado, Bi Mwamvita akasema na yeye ana neno. Kama darasa ni la kujichagulia, anaingia, na kitabu chake ni kanga. Alishawahi kununua kanga kwa kupenda rangi, akaivaa kwenye harusi ya wifi yake, akashangaa hakuna anayemsogelea. Kumbe pale chini pameandikwa "Wifi una choyo". Hawajapatana hadi leo. Anataka asome mwenyewe kabla hajalipa. Nyuma yake, kwenye mlango wa uani, kulikuwa na jirani zake wawili wakichungulia, na wote wawili wana kanga za kuuliza.

Mkaguzi akatia penseli mfukoni. Akasema darasa lenye watu wa namna hii yeye halifungi. Kitabu cha choo kikae kabatini kwa sasa, watu waendelee kujichagulia, naye atajitahidi kuwaeleza wakubwa wa mjini, ingawa hajui ataanzia wapi. Alipopanda baiskeli akanigeukia, akaniwekea sharti moja: kwenye mifano nisitumie tena jina langu.

Basi wameondoka. Jumatatu tunaanza kanga. Shomari na Mzee Kondo wanakwenda Kiwalani keshokutwa, na kanzu amechukua yake. Mimi nilijifungia chumbani, nikabandika wali, nikakaa kuwaandikia ninyi. Na kwa kuwa nilikuwa nawaandikia ninyi, wali umeungua.

Hodi ikapigwa. Mtoto wa jirani, ana sahani ya wali wa nazi na samaki, imefunikwa kawa. Kaambiwa na mwenye nyumba aseme: hii ni ya yule aliyekataliwa, asilale na njaa.

Nimekula wote. Sasa atakayecheka na acheke, lakini amkumbuke Shomari kwenye sala zake. Na asubuhi nitakapokwenda kisimani kuchota maji, naomba mniombee na mimi: sijui nitamwamkiaje Bi Mwamvita.